Kinyago na Mwenye Patasi

Kabla hapajawa na watu kwenye nyanda za juu za Makonde, palikuwa na vichaka tu, na ndani ya vichaka hivyo, upande wa Mahuta, aliishi mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa, aliyekula kidogo na kunywa kidogo. Siku moja alitoka kichakani, akakata mti, akachonga umbo la binadamu, akalibeba hadi makaoni pake na kulisimamisha wima. Usiku ule umbo likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua, wakafuata wengine wengi.

Kisa hiki cha Wamakonde kiliandikwa na Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, wakati majivu ya Vita vya Maji Maji hayajapoa, akakichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Waliomsimulia waliongeza mambo mawili. Babu huyo aliagiza wafu wazikwe wima, kwa kumkumbuka mama aliyezinduka akiwa amesimama. Aliagiza pia kwamba uzao wake usijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwani huko ndiko kwenye maradhi na vifo; nyumba ziwe mwendo wa saa nzima kutoka majini. Anayesimama leo Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, akatazama bonde la Ruvuma lililo chini kabisa, hahitaji kufafanuliwa: watu wako juu, maji yako chini. Vizazi kwa vizazi vya wanawake waliopanda mteremko ule na mitungi kichwani waliligharimia agizo la babu kwa shingo zao.

Visa vya uumbaji ni vingi duniani, na vingi humweka Mungu kwenye kazi ya ufinyanzi, binadamu akiwa udongo. Cha Mahuta kinaanza na binadamu ambaye tayari anajua kuchonga. Mama wa ukoo mzima ni kazi ya mkono wa mtu. Na mara kazi hiyo ilipozinduka, fundi hakuwa tena bwana wa mambo yote: alishuka naye mtoni, akahama naye bondeni, akapanda naye mlimani, na mwisho akawaachia wajukuu sheria zilizotokana na misiba waliyoipata wote wawili.

Hapo kisa kinagongana na methali ambayo wanafunzi wa Tanzania wameiandika madaftarini mwao miaka nenda miaka rudi: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali inadai kuwa mwenye patasi anajua kilichomo, kwa hiyo hana la kuogopa. Kisa kinadai kuwa mwenye patasi anaweza kuishia kuongozwa na alichokichonga. Swali lililo kati ya madai hayo mawili ni la dini na la falsafa kwa pamoja: je, kitu kilichotoka mikononi mwa binadamu kinaweza kuwa na mamlaka juu yake?

Nabii Isaya alilijibu kwa kejeli. Katika sura ya 44 ya kitabu chake anamchora seremala anayekata mti mmoja, nusu akawashia moto wa kuota na kuokea mkate, nusu akachonga mungu wa kumwangukia. Kejeli hiyo inachoma kwa sababu imetoka karakanani. Isaya anataja kamba ya kupimia, anataja bikari, anataja jinsi fundi anavyoona njaa na kiu kazini. Msomaji akishaona mungu anavyopimwa na kukatwa, hawezi tena kupiga magoti.

Waislamu wana onyo lao. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinasema kwamba watengenezaji wa sanamu wataambiwa Siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Lakini katika mkusanyiko huohuo wa Bukhari kuna kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas, binamu ya Mtume, akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kutengeneza sanamu. Ibn Abbas alimsomea onyo. Alipomwona amebadilika rangi, akampa njia: kama hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho.

Njia hiyo inaonekana kwenye mbao za pwani yote. Mafundi wa milango ya Unguja na Lamu walijaza vizingiti na miimo kwa mayungiyungi, mitende, minyororo na maandishi ya Kiarabu. Sura ya mtu wakaiacha. Kutoka Mikindani hadi Newala si mbali, ila kwa mchongaji ni kutoka kwenye majani kwenda kwenye macho. Juu kule uso ulichongwa hata pale ambapo kazi haikuuhitaji. Kikopo cha tumbaku au dawa kilizibwa kwa kizibo chenye kichwa cha mtu. Vitana na fimbo vilipewa sura. Vinyago vilichorwa nembo za mashavuni na kutiwa ndona, yaani kipini, kwenye mdomo wa juu, kama zilivyokuwa nyuso za watu wenyewe. Kikopo bila kichwa kingehifadhi tumbaku vilevile. Aliyekiwekea kichwa alifanya hivyo kwa sababu alipenda.

Kisha dini zote mbili zikapanda. Uislamu ulitokea Lindi na Mikindani, na wafanyabiashara pamoja na masheikh wa tarika, Qadiriyya miongoni mwao. Leo wakazi wengi wa nyanda hizo ni Waislamu. Ukristo ulianzia chini ya majabali ya Masasi, ambako mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, mwaka uleule wa safari ya Weule. Kila aliyefika na kitabu chake alikuta jando na unyago, na ndani ya unyago akawakuta midimu.

Midimu ni wachezaji waliovaa vinyago. Katika desturi ya Wamakonde wa Tanzania hutoka mwisho wa unyago, mwali anaporudishwa kwa watu wake. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, ngoma ya namna hiyo huitwa mapiko, na kinyago chake hufunika kichwa chote, wakati cha upande wa Newala aghalabu hufunika uso. Kuna pia kinyago cha kiwiliwili: mwanamume hujifunga kifuani ubao uliochongwa matiti na tumbo la mjamzito, akacheza uchungu wa uzazi. Weule alipiga picha za wachezaji wa vinyago katika eneo la Mahuta, akanunua vinyago na kuvisafirisha Ujerumani.

Kwa mafundisho ya zamani, anayecheza si mtu. Ni kitu kilichotoka kwa wafu, na wanawake na watoto hukimbia kikiwasogelea. Jandoni mvulana hufunuliwa: aliyemo ndani ni jirani, pengine mjomba wake mwenyewe. Hapo ndipo desturi hii inapoachana na methali. Kwa mujibu wa methali, siri ikishafichuka, mchezo umekwisha. Kwa mujibu wa unyago, siri ikishafichuka ndipo wajibu unapoanza. Aliyeoneshwa anaonywa asiseme, na tangu siku hiyo anahesabiwa miongoni mwa wanaokilinda kinyago. Wataalamu kutoka Ureno, Jorge na Margot Dias, waliofanya utafiti Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengine waliokuja baada yao, walikuta hali inayofikirisha zaidi: wanawake wengi walijua fika nani amevaa nini, na bado walikimbia.

Mwaka 1841 mwanafalsafa Mjerumani Ludwig Feuerbach alitoa hoja kwamba binadamu huchukua sifa zake bora, akazitenga na nafsi yake, akaziabudu kama Mungu. Akitambua hivyo atakuwa huru. Hoja hiyo ni methali yetu iliyovaa joho la chuo kikuu. Inadhani kwamba ujinga ndio unaoshikilia utakatifu, na ujuzi huuvunja. Wamakonde walikuwa na ushahidi wa kinyume. Jamii nzima ya watu wazima ilijua mti ulikatwa wapi, nani aliuchonga, nani anatoa jasho ndani yake, na kinyago kikaendelea kuwaamuru wakae wapi, waseme nini, wanyamaze lini.

Anayeona hayo ni mambo ya kale na atazame mto uleule wa Ruvuma. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwenye karatasi kwamba mto huo uwe mpaka wa makoloni yao. Wamakonde walikuwa pande zote mbili, na wengi wao hawakupata habari. Kila mtu anajua mpaka huo ulichorwa na nani na kwa nini. Hakuna anayeamini kwamba uliumbwa. Hata hivyo ulimpangia mtu alipe kodi kwa nani, asome kwa lugha ipi, na baada ya mauaji yaliyofanywa na Wareno huko Mueda, Msumbiji, Juni 1960 na vita vya uhuru vilivyofuata, ulikuwa tofauti kati ya kufa na kupona kwa waliovuka kuingia Tanganyika. Kinyago hicho kilichongwa na binadamu, na kiliwatisha binadamu kwelikweli.

Kwa hiyo hofu haitufai kuwa kipimo. Mtu anaweza asiogope kitu hata kidogo na bado kikamfunga. Methali inasema kweli juu ya hofu ya mchongaji anapokuwa peke yake na gogo. Haisemi lolote juu ya wajibu wake baada ya kuwakabidhi wengine alichokichonga.

Wajibu huo huanza mapema, hata kwa anayechonga kwa kujifurahisha tu. Katika nchi zenye umeme wa uhakika na nyumba zenye banda la vifaa, watu wengi, hasa wastaafu, hupitisha jioni zao kwa msumeno wa mezani wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka. Mtu hubandika karatasi ya mchoro juu ya ubao, hutoboa tundu dogo kwa keekee, hupenyeza wembe, huufunga tena, kisha husukuma ubao polepole akifuata mstari. Hutoka ndege, jina la mjukuu, au fumbo la vipande vya kupanga. Hakuna anayemlipa wala anayemwabudu. Kama methali ina pahali pa kushinda moja kwa moja, ni hapo: kitu kisicho na fumbo lolote, kilichotengenezwa na mtu aliyekichora mwenyewe. Lakini mtazame akiwa kazini. Mstari ni wake, angeweza kuuchora popote, na sasa hauruhusu mkono upotee hata unene wa ukucha. Akiuasi, ndege hukosa bawa. Uhuru wake ulikuwa kwenye penseli. Tangu alipowasha mashine anatii.

Mchongaji wa mpingo hutii mapema zaidi, kwa kuwa hana karatasi. Mpingo ni mti mgumu, mzito kiasi cha kuzama majini. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na ukishakatwa, gogo huwa limejikunja, lina mashimo, na kiini cheusi kimezungukwa na ganda jeupe. Fundi hulizungusha gogo kwanza. Penye kifundo pataweza kuwa goti, penye ufa hapatachukua shingo. Ndipo tezo huondoa ganda, patasi ikafuata, kisha tupa, msasa, na mwisho kiwi ya viatu ya kung'arishia. Aristotle alifundisha kwamba umbo la sanamu huwa kwanza akilini mwa fundi, na mata hulipokea. Mafundi wengi wa Kimakonde wangemjibu kwamba gogo nalo lina usemi wake, na kuusikiliza ndiyo nusu ya ufundi.

Ni vizuri kukumbuka kwamba vinyago vya ngoma havikuchongwa kwa mpingo. Vilichongwa kwa miti myepesi, kwa sababu vilipaswa kuvaliwa na kuchezewa. Sanamu za mpingo zinazojulikana dunia nzima ni za soko, na zilikua hasa Dar es Salaam, mikononi mwa Wamakonde ambao wengi wao walitoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na kukimbia utawala wa Wareno. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa nguzo ya watu waliobebana. Inasimuliwa kwamba wa kwanza ulimwonesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Siasa ya Ujamaa, iliyotangazwa Tanzania mwaka 1967, ikaupa mtindo huo jina lake. Samaki Likankoa naye anatajwa kwa mtindo wa shetani. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba karibu na mwaka 1959 mkono wa sanamu yake ulivunjika, akaigeuza kuwa kiumbe cha ajabu, na mfanyabiashara Mohamed Peera akaipenda na kuagiza nyingine.

Mashetani wa mpingo wana jicho moja, masikio yaliyoning'inia, miguu isiyolingana. Hakuna anayewakimbia. Mtalii huwafunga kwenye gazeti na kuwatia begini. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, aliwachukua mashetani hao kutoka kwenye mpingo akawapeleka kwenye rangi, wakicheka, wakicheza ngoma, wakibebana. Miongoni mwa waliowapokea walikuwa watazamaji wa Washington mwaka 1978. Ingeonekana kwamba hapa methali imetimia: pepo wamechongwa hadi wakawa mapambo.

Sivyo hasa. Pepo waliacha kumtisha mchongaji, wakampa amri nyingine. Umbo likishauzika, mnunuzi hutaka lilelile. Fundi aliyebuni jicho moja kwa bahati ya ufa katika gogo hutakiwa kulirudia kwenye gogo lisilo na ufa, na vijana wanaokaa pembeni yake katika vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, hujifunza kulirudia hata kabla hawajajua lilitoka wapi. Mti nao una sheria zake sasa: tangu Januari 2017 jamii nzima ya mpingo na ndugu zake iko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwenye patasi anabanwa na mteja upande huu na msitu upande ule. Kijana wa Newala anayechonga mwiko au fimbo baada ya msimu wa korosho, bila kusudio la kuuza, ana uhuru ambao fundi wa soko ameupoteza.

Turudi Masasi, kwa sababu huko mtu mmoja wa dini aliliona swali hili na kulifanyia kazi. Vincent Lucas alifika mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi. Wamisionari wengi wa zama zake waliona jando kuwa upagani wa kukomeshwa. Lucas aliona kwamba ukimwondoa kijana wa Kikristo jandoni, unamwondoa kwenye utu uzima, kwa kuwa mbele ya wenzake atabaki mtoto hadi kaburini. Mwaka 1913 alianza jando la Kikristo: tohara ikabaki, kambi ya porini ikabaki, mafundisho ya adabu na ukoo yakabaki, sala za Kanisa zikachukua nafasi ya maombi kwa mizimu, na sehemu alizoziona zinakwenda kinyume na Injili zikaondolewa. Upande wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani mapadre wanaume hawakuwa na mlango wa kuingilia.

Lucas alifanya kitu ambacho Isaya hakukijadili. Alikubali kwamba desturi ni kazi ya mikono ya watu, imechongwa na vizazi, na akakataa kuhitimisha kwamba basi haina uzito. Badala ya kuuliza imetengenezwa na nani, aliuliza inamfunga mtu kwa nini na kwa ajili ya nani.

Biblia yenyewe ina mifano ya kumuunga mkono. Musa, aliyeleta amri ya kukataza sanamu za kuchonga, ndiye aliyetangaza kwamba Bezaleli mwana wa Uri amejazwa roho ya Mungu ili achore, akate vito na kuchonga miti. Musa huyohuyo alitengeneza nyoka wa shaba jangwani, kwa agizo la Mungu, ili walioumwa na nyoka wamtazame wapone. Karne nyingi baadaye Mfalme Hezekia alimvunjavunja nyoka yule kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikubadilika, wala aliyeifua hakubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wa watu nayo. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulipotenganisha ibada inayomstahili Mungu peke yake na heshima inayotolewa kwa picha takatifu, ulikuwa unaendeleza hoja hiyohiyo, ya kwamba hukumu haiko kwenye ubao.

Kuna anayeweza kupinga: kama nguvu ya kinyago ni makubaliano ya watu, kwa nini tusiseme hivyo hivyo juu ya Mungu? Muumini wa Masasi, awe wa msikitini au wa kanisani, ana jibu. Makatazo ya sanamu katika dini zote mbili yanasimama juu ya dai kwamba Mungu ndiye pekee asiyechongwa. Ukilikubali dai hilo, kila kingine, pamoja na vinyago, mipaka, sheria, na hata taratibu za ibada zilizopangwa na watu, kinaingia kwenye kundi la vilivyochongwa, na hapo kila kimoja kinaweza kuulizwa. Asiyelikubali naye anabaki na kazi ileile ya kuuliza. Midimu hawathibitishi kuwako kwa Mungu wala kutokuwako kwake. Wanachokionesha ni kwamba kujua chanzo cha kitu hakumalizi habari ya kitu hicho.

Kuuliza ni lazima, kwa kuwa vilivyochongwa hufunga vibaya pia. Siri ya midimu ilijenga heshima, na wakati huohuo iliweka ukuta kati ya wanaume na wanawake na kuwapa wenye vinyago fimbo ya kuwatishia wasionavyo. Mpaka wa Ruvuma uliokoa wakimbizi na ulitenganisha koo. Hezekia alikuwa na haki ya kuvunja, lakini alikuwa mfalme wa watu waliokifukizia uvumba kitu kile. Ni nani mwenye haki hiyo juu ya kinyago cha Makonde?

Kuna kesi ya karibu inayolifanya swali hilo kuwa la vitendo. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, iliibiwa, na kati ya vitu vilivyochukuliwa kilikuwamo kinyago cha ngoma cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtafiti mmoja alikitambua, na mazungumzo yakaanza. Yalidumu takriban miaka 20, yakisukumwa na wanasheria, serikali mbili na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, hadi Mei 2010, pale makubaliano ya kukirudisha Tanzania yalipotiwa saini Paris. Kipande cha mti mwepesi kiliwaweka mezani watu ambao hawakuwahi kukimbizwa nacho na hawakuamini hata kidogo kwamba kina mzimu ndani yake.

Makubaliano ya Paris yaliamua kinyago kikae nchi gani. Hayakugusa masharti ya awali: kwamba kitu hicho huonwa kikicheza, kikiwa juu ya mtu aliyefichwa, na kwamba wasiopita jandoni hawapaswi kukikagua kwa karibu. Katika jengo la makumbusho, mtoto wa darasa la pili anaweza kukisogelea na kuchungulia tundu la macho, akaona kwamba ndani hamna kitu. Upande wa taifa una hoja nzito, kwani kinyago ni urithi wa wote na mtoto wa kike ana haki ya kuuona sawa na kaka yake. Upande wa desturi nao una hoja, kwani waliofanya kipande kile cha mti kiwe zaidi ya mti ni watu wa unyago, na wasipoulizwa, kinachooneshwa nyuma ya kioo ni ganda tu. Tangu mwaka 2008 tamasha la MaKuYa, linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao mjini Mtwara, limezitoa ngoma za jamii hizo kwenye uwanja wa wazi, zikachezwa na wenyewe mbele ya watu wa kila rika. Huo ni uamuzi wa aina ya Hezekia, ila umefanywa kwa ngoma badala ya nyundo, na wanaohusika nao ni pamoja na wale waliokuwa wakiilinda siri.

Makumbusho, za Dar es Salaam na za Leipzig pia, zinaweza kufuata njia hiyo kabla ya kupanga rafu nyingine. Walimu wa unyago wa Newala na Tandahimba wapo na wanafikika. Wanaweza kuoneshwa orodha ya vinyago vilivyochukuliwa na Weule mwaka 1906 na kile kilichorudi mwaka 2010, wakaulizwa ni kipi kinafaa kuwekwa wazi, kipi kifunikwe, na kipi kimekwisha kazi yake kiasi kwamba yeyote anaweza kukitazama atakavyo. Huenda majibu ya wanawake yakatofautiana na ya wanaume, na ya sheikh yakatofautiana na ya padre wa Ndanda. Majibu hayo yaandikwe kwenye kibao chini ya kila kinyago, pamoja na jina la mti, mahali kilipotoka, na habari ya nani alikuwa akikimbia kilipotokea.